Pasaka Siyo Ishtar

Mwaka huu, juma moja kabla ya Pasaka, mkatekumeni mmoja wa Kadutu alikuja kutuaga. Alikuwa amesoma dini miaka mitatu, nguo yake nyeupe imekwisha kushonwa, msimamizi wake amekwisha kuandikwa. Akasema: "Mwalimu, sitabatizwa usiku wa Kesha. Nimejua kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu-mke wa Babeli." Tulipomwuliza amejuaje, alifungua simu yake akatuonyesha mhubiri mmoja akiandika ubaoni maneno mawili, "Easter" juu na "Ishtar" chini, na kuwauliza wasikilizaji wake: Je, hamsikii wenyewe?

Twasikia, ndiyo. Lakini sikio peke yake si shahidi wa kutosha. Nani katika shule zetu za Bukavu hakuwahi kuchanganya maneno mawili ya Kifaransa, "pêcheur" na "pécheur"? La kwanza ni mvuvi, la pili ni mkosefu. Tofauti ni kialama kidogo juu ya herufi moja, na midomo ya wengi wetu haiijali. Hata hivyo moja latoka katika Kilatini "piscari", kuvua samaki, na lingine katika "peccare", kutenda kosa. Asingekuwako mtu wa kutembea ufukoni mwa Ziwa Kivu akiwaambia watu wa sambaza kwamba kazi yao ni dhambi kwa kuwa majina yanafanana! Au mgeni wa pwani alisikie jina la mji wetu, naye aseme: "Kumbe, huu ni mji wa ukavu." Wazee Washi watamcheka, maana wao wanasema jina hili latoka katika "nkafu", yaani ng'ombe, ambao zamani walilishwa mahali hapa. Na mvua zinazoporomosha vilima vyetu kila mwaka zitamjibu zaidi kuliko wazee.

Basi, tuchunguze jambo lenyewe. Aliyeeneza sana habari hii ya Easter na Ishtar ni Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti, aliyeandika kijitabu mwaka 1853 na kukipanua kuwa kitabu mwaka 1858. Kusudi lake lilikuwa kuonyesha kwamba Kanisa la Roma ni Babeli, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo ya sauti. Lakini Ishtar ni jina la lugha ya Wababeli na Waashuru, na "Easter" ni neno la Waingereza wa kale, la ukoo mmoja na neno lao la mashariki, upande wa mapambazuko.

Hatutaki kuficha lolote. Mtakatifu Beda, mmonaki wa Uingereza, aliandika mwaka 725 kwamba mababu zake walikuwa na mwezi mmoja wenye jina la mungu-mke Eostre, na kwamba Wakristo wa huko walichukua jina la mwezi huo wakaiita hivyo sikukuu yao. Hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja huyo Eostre, lakini na tukubali kwamba Beda alisema kweli. Imekuwaje basi? Waingereza hawa walihubiriwa na Mtakatifu Augustino wa Canterbury, aliyetumwa na Papa Gregori akafika kwao mwaka 597. Na karibu na mwaka 155, Mtakatifu Polikarpo, mzee wa Smirna, alikuwa amesafiri hadi Roma kuongea na Papa Anicetus juu ya tarehe ya Pasaka. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea ulishughulika na tarehe hiyo hiyo. Sikukuu ilikuwako zaidi ya miaka mia nne kabla Mwingereza yeyote hajaipa jina lake. Je, mtoto huzaliwa na jina alilopewa na jirani miaka mia nne baadaye?

Tena sisi tunagombana juu ya nini? Neno "Easter" halimo vinywani mwetu. Sisi twasema Pasaka, Wafaransa "Pâques", Wanyarwanda Pasika, na yote yatoka katika Kiebrania "Pesah", sikukuu ya Waisraeli waliotoka Misri. Tangu mwaka 2008 jirani zetu ng'ambo ya Ruzizi wamefundisha shuleni kwa Kiingereza, na vijana wetu nao wanakitamani. Ni vema, wakisome. Lakini kuchukua neno la Kiingereza lisilo letu, kulishtaki, kisha kuiadhibu Pasaka kwa makosa yake, hii ni hukumu ya ajabu.

Mhubiri yule yule asema pia kwamba "Amen" ni Amoni, mungu wa Wamisri. Hapo Mswahili yeyote angeweza kumfunga mdomo bila kwenda seminari. Amina, amini, imani, amani, amana, mwaminifu: sikilizeni herufi zake. Maneno haya tuliyapata kwa Waarabu, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiebrania, na shina lake katika lugha zote mbili lahusu kuwa imara na kutegemewa. Jina la Amoni kwa Kimisri maana yake ni aliyefichika. Hayana undugu.

Wala hatusemi kwamba sauti hudanganya kila mara. Kwa Kiingereza "holy", takatifu, na "whole", zima, ni ndugu kweli. Na kwa Kilatini Misa na misioni yametoka katika tendo moja la kutuma. Lakini "son", mwana, na "sun", jua, ambayo hutamkwa sawasawa, tangu kale ni maneno mawili, kama mwana na jua kwetu. Undugu hujulikana kwa kufuata ukoo, nyumba kwa nyumba, kama tunavyofanya kabla ya ndoa.

Na kama jina la kale la kipagani lingeitia sikukuu unajisi, tungesali kwa neno gani? Mababu zetu Washi walimwita Nyamuzinda kabla hawajamwona padre hata mmoja. Neno Mungu nalo lilikuwa la mababu kabla ya kuwa letu. Anayetaka kufuta kila jina lililotumiwa na wapagani aanze na hilo.

Lawama nyingine ni yetu makatekista. Tulimfundisha kijana yule maswali na majibu kwa miaka mitatu, akayajua yote kwa moyo, wala hatukumwambia hata siku moja neno Pasaka latoka wapi. Mhubiri wa simu alimwambia kwa dakika nne. Alikuwa wa kwanza kumpa kijana heshima ya maelezo, ingawa maelezo yenyewe ni ya uongo.

Baada ya Pasaka tulikwenda kwao. Mama yake alitupokea vizuri. Mwenyewe alisikiliza, akaandika "Pesah" na "amana" katika kidaftari, akasema atafikiri. Jina lake hatujalifuta katika orodha ya wakatekumeni.