Muuza Madafu Apite Wapi?

Nimechoka kusikia kwamba kero ya barabara za Dar es Salaam ni waendesha baiskeli. Eti hawana adabu, hawajali taa, wanawapamia watembea kwa miguu, wakatiwe leseni. Na anayelalamika hivyo mara nyingi ameegesha gari lake la zaidi ya tani moja juu ya njia hiyohiyo ya watembea kwa miguu.

Nendeni Barabara ya Morogoro. Mradi wa mabasi ya Mwendokasi ulipoanza kubeba abiria Mei 2016, ulikuja na njia za miguu na za baiskeli pembeni yake. Jiji likasifiwa, likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Leo njia hizo ni za bodaboda wanaokwepa foleni, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara. Muuza madafu na baiskeli yake apite wapi? Akishuka barabarani, daladala inambana hadi mtaroni. Akipanda juu, anatukanwa.

Mama anayemtukana, mtoto mgongoni, ana haki ya kukasirika. Baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa ikikugonga, inakuvunja mguu. Simtetei anayekata mbio katikati ya watoto wa shule, wala anayeendesha usiku bila taa. Penye watu wengi ashuke, aikokote. Lakini mama huyo na muuza madafu wamebanwa na mtu mmoja: mwenye injini. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Mbona basi wanaozikwa pamoja ndio tunaowagombanisha?

Nitasema wazi: mwendesha baiskeli tunamchukia kwa sababu ni maskini. Kijana wa Masaki mwenye kofia ngumu na baiskeli ya mamilioni tunamsifu kwa mazoezi. Baba wa Mbagala anayesambaza mikate alfajiri tunamwita mshamba. Barabara ni ileile, magurudumu ni mawili yaleyale.

Kwa hiyo msiniambie habari za leseni ya baiskeli. Vuteni kwanza magari yaliyoegeshwa kwenye njia za miguu, yakiwemo yenye namba za serikali. Watozeni faini bodaboda wanaopita humo. Wafanyabiashara wapeni eneo lenye wateja kabla ya kuwahamisha. Na barabara yoyote mpya isiyo na njia ya baiskeli, mkandarasi asilipwe hadi aijenge.