Divai kavu ya Wajerumani na ndimi zetu zilizozoea sukari



Siku ya sikukuu ya msimamizi wa nyumba yetu, padre mgeni kutoka Ujerumani alitukumbuka kwa chupa chache za divai nyeupe. Walezi walipomaliza kugawa, kila frateri wa falsafa alikuwa na kiasi cha kulowesha ulimi tu. Wengi wetu tulikunja uso. "Hii imechacha," mmoja wetu alinong'ona, na meza nzima ikaangua kicheko. Padre mgeni, ambaye alikijua Kiswahili kuliko tulivyodhani, alicheka pia. Akasema: "Subirini samaki waletwe, kisha mwonje tena."

Tulionja tena, na tangu siku ile tumebishana sana, bwenini na hata shambani. Hoja yetu katika makala haya ni hii: tulichokiita ubovu ndicho kilichokuwa ubora wa divai ile, na tulishindwa kuuona kwa sababu tumezoea kupima kila kitu kwa sukari.

Divai ile hutokana na zabibu zinazoitwa Riesling, na kwenye lebo yake paliandikwa neno trocken, yaani "kavu". Zabibu zikikamuliwa, hamira hula sukari iliyomo katika juisi na kuigeuza kuwa kileo. Mtengenezaji akiisimamisha kazi hiyo mapema, sukari hubaki na divai huwa tamu. Akiiacha iendelee hadi karibu na mwisho, divai huwa kavu. Kwa kanuni zinazotumika Ujerumani, divai ya trocken haizidi gramu 9 za sukari kwa lita, tena kiwango hicho huruhusiwa pale tu ambapo asidi yake inatosha kuwiana nacho. Soda ya kola ina gramu zipatazo 100 kwa lita. Sisi tuliokua tukinywa soda kwenye kila ubatizo, kipaimara na harusi, si ajabu tulikunja uso.

Je, sukari ikiondoka hubaki nini? Katika Riesling nzuri hubaki mengi. Hubaki uchachu safi unaoamsha mate. Hubaki harufu ya ndimu, ya tofaa bichi, ya pichi, na mara nyingine ya jiwe lililonyeshewa mvua. Chupa ikitunzwa miaka mingi huweza kutoa harufu inayokaribia mafuta ya taa, na wapo wanaoitafuta kwa sababu hiyohiyo! Kwa kawaida divai hii haikuzwi katika mapipa mapya ya mwaloni, yale yanayoipa divai harufu ya mbao. Kwa hiyo mnywaji hukutana na zabibu zenyewe, ardhi yake na hali ya hewa ya mwaka ule.

Uchachu huo una chanzo. Bonde la mto Mosel liko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa Ikweta. Jua letu la Dodoma huwezesha mavuno mawili kwa mwaka. Mkulima wa Mosel hupata moja tu, nalo humsubirisha hadi Oktoba, pengine Novemba. Zabibu zinazoiva polepole namna hiyo hupata harufu nzuri huku zikihifadhi asidi yake. Mashamba mengi yako kwenye miteremko ya mawe ya sleti, ambayo hunyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Mteremko wa Calmont, pale kijiji cha Bremm, unazidi nyuzi 60 katika sehemu zake kali. Mahali kama hapo mtu hulima kwa mikono yake na kwa kuangalia anapokanyaga.

Kanisa nalo lina mkono wake katika habari hii. Wamonaki Wasistersiani walianzisha abasia ya Eberbach, katika eneo la Rheingau, mwaka 1136, wakawa wakulima mashuhuri wa mizabibu. Jirani yake, pale Johannisberg, Riesling ilipandwa kwa wingi mwaka 1720 chini ya abate mtawala wa Fulda. Hadi leo masista Wabenediktini wa Abasia ya Mtakatifu Hildegard, huko Eibingen, wanalima Riesling na kutengeneza divai. Lililotufurahisha zaidi ni hili: mwaka 1966, katika jimbo la Trier, mashamba ya mizabibu ya kanisa kuu, ya seminari ya mapadre na ya bweni la kanisa la wanafunzi yaliwekwa chini ya usimamizi mmoja. Seminari yenye mizabibu! Sisi tuna mahindi, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, lakini jembe ni lilelile.

Hata hivyo, wahenga wetu walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwishoni mwa karne ya 19, Riesling bora za Rhine na Mosel ziliuzwa kwa bei sawa na za divai kubwa za Ufaransa, na nyingine kwa bei ya juu zaidi. Katika karne ya 20 sifa hiyo ilitumika kuuzia vitu vingine. Sheria ya divai ya mwaka 1971 ilipanga madaraja kwa kuangalia kiasi cha sukari kilichomo katika juisi ya zabibu. Masoko ya nje yalijaa divai tamu za bei rahisi, nyingi zikiwa za zabibu za aina nyingine kabisa. Iliyovuma kuliko zote iliitwa Liebfraumilch, jina lililotokana na mizabibu iliyozunguka kanisa la Bikira Maria mjini Worms. Kisha mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi ya watengenezaji wa Austria walikuwa wakitia kemikali ya dietilini glaikoli ili divai yao ionekane nzito na tamu, na kwamba baadhi ya wajazaji chupa wa Ujerumani walikuwa wamechanganya divai hiyo na ya kwao.

Wakulima waliotaka kurudisha heshima walielekea kwenye ukavu. Wengi wao mwanzoni waliaibika. Divai zao zilikuwa kali na nyepesi mno, kwa kuwa sukari ilipoondolewa ilionekana wazi kwamba zabibu hazikuwa zimeiva vizuri. Dawa haikupatikana kiwandani. Ilibidi warudi shambani, wapunguze vishada, wasubiri, wachague. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo mvuto wa divai hii: haina pa kujificha. Uzembe wa mkulima utauonja, na uvumilivu wake pia utauonja.

Aristotle anatukumbusha kwamba kwa mgonjwa vitu huonekana vichungu au vitamu tofauti na vilivyo kwa mwenye afya. Tuliposema "imechacha" tulidhani tunaihukumu divai, kumbe tulikuwa tunatoa habari za ndimi zetu. Na si divai peke yake. Mlezi akitusahihisha, tunasema ana roho mbaya. Akitusifu, tunasema ni baba. Parokiani, padre anayechekesha husifiwa hadi kigango cha mwisho, na yule anayesema ukweli kwa maneno machache huambiwa mahubiri yake ni makavu. Neno ni lilelile, wala hatukulitunga sisi. Kama seminari itatufundisha kupendeza tu, siku utamu utakapoisha waamini watakuta zabibu mbichi.

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza: je, inafaa mafrateri kusifu divai wakati pombe inavunja nyumba nyingi katika parokia zetu? Swali hili tunalichukua kwa uzito, kwani baadhi yetu tumetoka katika nyumba hizo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba divai si haramu kwa yenyewe, lakini huweza kuwa haramu kwa mtu fulani, kwa kiasi fulani au kwa sababu ya makwazo kwa wengine. Kanisa lenyewe huweza kumruhusu padre asiyeweza kunywa kileo atumie mustum, yaani juisi ya zabibu iliyoanza tu kuchachuka, kwa idhini ya mkuu wake. Basi asiyepaswa kunywa asinywe, wala asione haya. Hatumwaliki mtu yeyote kunywa. Tunaomba tu kwamba tupime kabla ya kuhukumu.

La pili: je, huku si kudharau vya kwetu kwa kusifu vya Ulaya? Hapana. Wengi wetu tuliijua divai kwa Dompo ya Dodoma, na hatuna nia ya kuitukana. Hata Ujerumani baadhi ya Riesling zinazoheshimiwa kuliko zote ni tamu kabisa. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai divai ya altare iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Haiulizi kama ni tamu au kavu. Sukari haina kosa. Swali ni kama chini yake kuna kitu.

Tena, ladha hii si ngeni kwetu kama tulivyojifanya siku ile. Samaki walipoletwa, sato wa kukaanga, kila mmoja wetu alinyoosha mkono kuchukua kipande cha ndimu bila kuambiwa na mtu. Uchachu uleule tulioukunjia uso glasini tuliukamua wenyewe sahanini, kwa sababu bila huo mafuta hulemea na samaki hapati ladha yake. Tulipoonja divai mara ya pili, hakuna aliyesema imechacha. Yule ndugu yetu aliyenong'ona aliangalia glasi yake, akauliza kama imebaki.

Haikubaki.