Alama Pekee, Asema Mwana wa Asilimia 85

MAJANI MAWILI, na Chelangat Rono

Jumamosi nilikuwa kwenye mchango wa karo katika kambi moja ya wachuma chai, kule Kericho inakopakana na Bomet. Binti wa kambi ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi, wa kwanza kutoka laini yao ya nyumba, na majirani walikuja na walichonacho: jogoo wawili wa kunadiwa, kibuyu cha maziwa ya mursik, trei ya mayai. Mvua ya saa nane ilinyesha saa nane. Mchungaji aliomba hadi chai ikapoa. Mambo yalikwenda sawasawa mpaka maikrofoni ilipomfikia Mgeni wa Heshima.

Wasomaji wa zamani wa safu hii mnamjua. Ni yule aliyeleta jenereta matangani akasahau petroli. Ndiye pia aliyefungua kisima ambacho hadi leo kinatoa hotuba tu. Alisimama, akavua kofia, akasalimia kwa Kipsigis, kisha akahamia Kiswahili ili, kwa maneno yake, "hata wageni waelewe."

"Tumchangie huyu mtoto," akasema. "Lakini tuambiane ukweli. Siku hizi nafasi za chuo zinagawanywa kwa huruma. Ukiwa msichana, unaongezewa. Ukitoka mahali kama hapa, unaongezewa. Watoto wetu wenye alama zao wanaachwa nje. Hata Marekani mahakama imefuta mambo hayo. Haki ni alama. Alama pekee!"

Kisha akatoa bahasha, akapigwa picha nayo.

Nilimtazama yule binti. Alikuwa safu ya mbele, ndani ya koti la kuazima lililompwaya mabegani, na barua ya chuo ameipakata mapajani katika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani ili kila apitaye aone nembo. Neno "huruma" lilipotoka aliigeuza barua kifudifudi. Mama yake alipiga makofi, kwa sababu mgeni akimaliza kusema watu hupiga makofi. Viganja vyake nilivitazama kwa makini: mikunjo ya vidole myeusi, ule weusi wa utomvu wa majani ambao sabuni ya kipande haiuwezi. Kogo mmoja, yaani nyanya, nyuma yangu alisonya kwa nguvu hata fundi wa mitambo akageuka kuangalia spika.

Chakula sikukimaliza. Mnaonijua mnajua uzito wa sentensi hiyo.

Pointi za binti sikumuuliza. Hakuna aliyemuuliza, wala Mgeni wa Heshima hakuwa na habari nazo. Aliona sketi, akaona kambi, akamaliza hesabu yake. Ikiwa hakuongezewa kitu, basi ametukanwa mbele ya mama yake na mchungaji wake. Na ikiwa aliongezewa, aliongezewa kihalali, nami nasema pointi hizo hazikutosha. Kusaidiwa kwa wasichana si siri ya gizani. Tangu enzi za JAB, ile bodi ya pamoja ya udahili, kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuleta KUCCPS inayogawa nafasi za vyuo, walikuwa wakipunguziwa pointi moja au mbili. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inaiamuru serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani, na cha 56 kinataja waziwazi nafasi maalum za elimu kwa makundi madogo na yaliyotengwa. Najua, huku kwetu wengi tulipiga kura ya La mwaka ule. Ilipita hata hivyo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba huyu bwana ni rika langu. Tulifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, katika miaka ile ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, wakati serikali ya Rais Moi ilipoamua kwamba asilimia 85 ya nafasi katika shule za upili za mikoani ziende kwa watoto wa hapo hapo. Shule nzuri aliyoingia ilikuwa na uzio unaoonekana kutoka kwao. Watoto wa mbali waliompita kwa alama walibaki makwao, yeye akavaa sare. Sikumsikia akilia kwamba haki ni alama. Nilimsikia akiimba kwenye gwaride la kufunga shule. Aliingia kwa asilimia 85, akapanda ngazi, sasa yuko juu anakata miguu ya ngazi kwa msumeno na kutuambia hiyo ndiyo haki.

Na tusisahau bonasi ya chai. Wakulima wadogo wa KTDA wa huku walipoona wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wamelipwa zaidi ya maradufu kwa kilo, nani alikuwa mbele langoni mwa kiwanda na tawi mkononi? Meneja alipojaribu kueleza kwamba bei hutokana na mnada wa Mombasa, kwamba chai ya Murang'a na Kirinyaga hununuliwa ghali kwa ubora wake, Mgeni wa Heshima alimzima: "Jasho ni lile lile!" Wakati huo hakusema kila mtu ale alama zake. Wakati huo alitaka serikali iingilie kati, isawazishe, ituonee huruma. Nilikuwa naye langoni, na nilipiga makofi. Ninachouliza ni kwa nini jasho likiwa la mchuma chai si lile lile tena.

Kuhusu Marekani, habari aliipata, ila aliishia kichwa cha habari. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu huko ilikataza vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Desturi ya kuwapendelea watoto wa waliowahi kusoma hapo na wa wafadhili haikuguswa. Mtoto mweusi akapokonywa mkono wa kumsukuma. Mtoto wa mwenye jina lake kwenye jengo akaachiwa wake. Mgeni wa Heshima angependa sana Harvard.

Hapa kwetu mzozo kama huo tuliwahi kuukoroga. Serikali ilipoweka mgao wa nafasi katika shule za kitaifa ili akademia zisizoe zote, wenye shule za kibinafsi walikimbilia Mahakama Kuu, nayo mwaka 2011 ikakataa ombi lao. Wakafanya nini wazazi? Wakawasajili watoto wa akademia katika shule za umma kwa ajili ya mtihani tu. Mtoto anasoma kwenye bweni lenye maji moto, jina lake linaketi kwenye dawati la shule ya chifu. Walewale waliosema haki ni alama waligundua kwamba haki pia ni nambari ya shule.

Alama ni risiti. Zinaonyesha kilicholipwa: kitabu cha kila somo, mwalimu wa ziada wakati wa likizo, taa inayowaka hadi saa nne, meza isiyo pia kitanda cha mdogo wako. Binti wa kambi amesoma katika chumba kimoja na watu watano, mama akiondoka alfajiri kuwahi nyapara, na kilo za mama zikipungua kila mashine mpya inapoingia shambani. Mnakumbuka Mei 2023 mashine hizo zilivyochomwa. Mtoto aliyepata B+ hapo na mtoto aliyepata A mjini, ukiniuliza nani ana kichwa, sitahitaji kompyuta ya KUCCPS.

Sasa nije kwa lile neno "wageni," maana nililisikia. Wakati wa kula, mtu wa meza ya wakubwa aliuliza kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini: "Kwani kwao hasa ni wapi?" Babu yake binti alitoka Nyamira kuja kuchuma majani. Baba yake alizaliwa kambini, yeye amezaliwa kambini, Kipsigis chake ni safi kuliko cha watoto wangu ambao wanasema "hello" kwa kogo wao. Bado kwao ni wapi? Nyamira hawamjui, Kericho wanamhesabu kuwa mgeni. Mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu kama wao walijibiwa swali hilo kwa moto.

Ndiyo maana sitetei mgao wa kabila, na wanaodhani safu hii itaimba "vijana wetu kwanza" wamefungua ukurasa wa jirani. Ile asilimia 85 ilimbeba Mgeni wa Heshima kwa sababu ya boma alilozaliwa, ingemwacha binti wa kambi nje kwa sababu hiyo hiyo. Pimeni nyumba, si ukoo. Pimeni mzazi anachuma nini, mtoto alisomea wapi, nani alimlipia.

Ingawa pia kuna ukoo ambao siwezi kuuruka. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wa ukoo wa Talai kwa sheria, ikawatupa Gwassi, kwenye mbu na mbung'o, familia nzima pamoja na watoto. Shule ya Kabianga, huku Kericho, ilikuwa na miaka tisa tu tangu ifunguliwe. Wakati wenzao wanaanza kujifunza a-e-i-o-u, wao walikuwa wanazika. Walipoanza kurudi miaka ya 1960, ardhi yao ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuhusu dhuluma hiyo, tukasoma magazetini, tukakunja magazeti. Mjukuu wao akifika kwa KUCCPS na pointi mbili pungufu, tafadhali msimletee hotuba ya Mgeni wa Heshima. Mpeni kiti.

Nimeshaambiwa kwamba nikiandika haya nitakosa mialiko. Sawa, mchele wa siku hizi umejaa mawe.

Wiki chache zijazo fomu za basari zitatoka tena, na foleni itaanza kwa chifu kabla ya jua. Kila mwaka kwenye foleni hiyo kuna magari yaliyoegeshwa mbali kidogo, nyuma ya posho mill, ili yasionekane, na wenye magari huja kwa miguu wakiwa na uso wa shida. Ninawaomba ninyi mnaoamini alama pekee mtimize imani yenu: mwaka huu kaeni nyumbani, fomu waachieni wenye kambi. Mkija, nitakuwepo na daftari, na namba za magari nazisoma bila miwani.