Ndege ya Mfano Yenye Ngozi ya Alumini: Somo au Pambo?

Katika vyuo vyetu vya ualimu, kazi ya kutengeneza zana za kufundishia aghalabu hupimwa kwa jicho tu. Kielelezo kinachong'aa husifiwa. Kilichofifia huishia kabatini. Mazoea haya yanastahili kuchunguzwa, kwani mwalimu aliyezoea kupima kazi yake kwa mng'ao atawapima na watoto kwa kipimo hicho hicho. Makala haya yanakusudia kulijadili jambo hilo kwa kutumia mfano mmoja ambao, kwa mtazamo wa kwanza, waweza kuonekana kuwa mbali na darasa la shule ya msingi: kuunda kwa skeli ndege ya kuangusha mabomu na kuivika karatasi ya alumini. Maoni yangu ni kwamba kazi hii ni somo kamili la hesabu, sayansi, ufundi na historia, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, mng'ao wake uwe ni tunda la vipimo. Pili, habari ya ndege yenyewe isimuliwe yote, hata ile isiyong'aa. Sharti moja likikosekana, chombo hicho kitakuwa pambo, tena pambo lenye madhara.

Tuchukue ndege iitwayo B-29, iliyobuniwa na kampuni ya Boeing ya Marekani na kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1942. Ilikuwa na injini nne, na ziliundwa karibu 4,000. Upana wake kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ulikuwa mita 43.05, na urefu wake mita 30.2 hivi. Nyingi kati ya ndege hizo hazikupakwa rangi. Tangu mwisho wa mwaka 1943 na mwanzo wa 1944, jeshi la anga la Marekani liliacha kuzipaka rangi ndege zake nyingi, kwa sababu rangi ina uzito na kuipaka kunachukua muda. Ndiyo sababu mfano wa ndege hii haukamiliki kwa rangi ya fedha ya kopo. Unahitaji ngozi ya alumini yenyewe.

Nchini Marekani na Uingereza, wapenzi wa kazi hii hutumia vipande vya plastiki vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani. Kampuni ya Monogram, kwa mfano, ilitoa B-29 yake mwaka 1977 kwa skeli ya 1:48, yenye mabawa yanayokaribia sentimita 90. Mwalimu hana haja ya kununua vipande hivyo. Watoto wetu ambao huunda magari kwa mabua, waya na makopo hawakungoja kiwanda. Ubao laini kama wa msufi, kisu, msasa, gundi nyeupe ya seremala na karatasi ya alumini ya kufungia chakula vyatosha. Isitoshe, aliyepewa vipande vilivyokatwa tayari amenyimwa nusu ya somo, kwa kuwa hesabu ya skeli imekwisha fanywa na mtu mwingine.

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa kazi yote. Kwa shule ya msingi napendekeza skeli ya 1:100, ambapo kila mita ya ndege halisi huwa sentimita moja ya mfano. Mabawa yatakuwa sentimita 43 na urefu sentimita 30. Mtoto wa darasa la tano huliona hilo mara moja. Lakini mwalimu asiishie hapo. Eneo la mabawa ya ndege halisi lilikuwa kama mita za mraba 161. Je, eneo la mabawa ya mfano litakuwa mara 100 dogo zaidi? La hasha, ni mara 10,000, yaani sentimita za mraba 161. Ukihesabu upande wa juu na wa chini, karatasi ya alumini itakayohitajika kwa mabawa ni kama sentimita za mraba 322, zaidi kidogo ya nusu ya ukurasa wa A4. Wanafunzi na wakate kiasi hicho kwanza, kabla ya kuanza kubandika, ili waione hesabu yao ikitosha au ikipungua mbele ya macho yao.

Hatua ya tatu ni uzito, na hapa ndipo darasa huamka. Ndege tupu ilikuwa na uzito wa tani 34 hivi. Mjao hupungua mara 1,000,000 kwa skeli hii. Kwa hiyo, kama mfano ungeundwa sawasawa na ndege yenyewe, kwa vitu vile vile na uwazi ule ule wa ndani, ungekuwa na uzito wa gramu 34 tu. Wanafunzi wakiuweka mfano wao wa ubao kwenye mizani wataukuta mzito zaidi ya huo, ingawa ubao ni mwepesi kuliko alumini. Kwa nini? Jibu watalitafuta wao: ndege halisi ni ganda jembamba lenye uwazi mkubwa ndani, na mfano wao ni gogo. Swali moja la namna hiyo lina thamani kuliko maelezo marefu ya ubaoni juu ya mjao na uzito.

Sasa tuje kwenye ngozi. Karatasi ya alumini ya jikoni huwa na unene wa kati ya sehemu 10 na 20 za elfu ya milimita. Kwa skeli ya 1:100, unene huo ni sawa na milimita moja hadi mbili za ndege halisi, ambayo mabati yake nayo yalikuwa ya milimita chache tu. Ni vigumu kupata kitu kingine cha nyumbani kinacholingana na skeli kiasi hicho.

Wembamba huo, hata hivyo, una hukumu yake. Rangi nzito huficha makosa, alumini huyatangaza. Mkwaruzo, tone la gundi au punje ya vumbi iliyosahauliwa juu ya ubao hutokeza juu ya karatasi kama kovu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Karatasi ya alumini haikubali kuwa mkakasi: kipande cha mti kilichomo ndani huonekana nje jinsi kilivyo. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kazi hutangulia kabla karatasi haijaguswa. Vinyweleo vya ubao vizibwe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, upigwe msasa mkavu, kisha mwororo, upakwe vanishi, na upigwe msasa tena. Mwanachuo asiye na subira katika hatua hii hataikuta subira dukani.

Kubandika nako kuna utaratibu. Mistari ya maungio ya mabati ichorwe kwanza juu ya ubao kwa penseli. Kila bati likatiwe karatasi yake, kubwa kidogo kuliko nafasi yake. Gundi ipakwe kwa wembamba sana. Karatasi ilazwe, ikandamizwe kutoka katikati kuelekea pembeni ili hewa itoke, isuguliwe kwa pamba na kumaliziwa kwa kijiti laini. Kisha ukingo ukatwe kwa wembe mpya uliowekewa rula. Kwa watoto, kazi ya wembe iwe ya mwalimu. Wao watumie mkasi na kijiti. Mabati ya ndege halisi hayakung'aa kwa namna moja, na tofauti hiyo yaweza kupatikana bila gharama. Karatasi ya alumini ina upande unaong'aa na upande uliofifia kwa sababu, katika hatua ya mwisho kiwandani, karatasi mbili hupitishwa pamoja kati ya rola: pande zinazogusa rola hung'aa, na zile zinazogusana hufifia. Tena, ukigeuza mwelekeo wa kipande, mwanga hurudi kwa namna nyingine. Na kipande kilichochemshwa majini huweza kuwa cheusi kidogo, kama inavyotokea ndani ya sufuria ya alumini inayochemshiwa maji kila siku. Mtoto aliyekwisha kuosha sufuria nyumbani amekwisha kuliona jambo hilo. Kazi ya mwalimu ni kumfanya aliulize.

Pua ya ndege ni mtihani mwingine. Karatasi bapa haiwezi kufunika kitu cha mviringo kama tufe pasipo kukunjamana au kuchanika. Hapana budi igawanywe vipande vidogo. Mwalimu wa jiografia asiiache nafasi hii impite, kwani hiyo ndiyo sababu ramani ya dunia iliyochorwa juu ya karatasi bapa hupotosha umbo au ukubwa wa nchi.

Yapo maoni yanayopinga kazi hii, nayo ni mazito. Baadhi ya walimu husema kwamba chombo cha kuulia watu hakina nafasi katika shule ya watoto, na kwamba afadhali tuunde jahazi au trekta. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali yote. Watoto wamekwisha kuziona ndege za vita katika picha na filamu, ambamo hung'aa na kunguruma bila kuonyesha kilicho chini yake. Shule ikinyamaza, mwalimu wao atakuwa filamu. Hatari haimo katika kuunda ndege ya vita. Imo katika kuiunda, kuing'arisha, kuitundika darini na kunyamaza.

Hata mataifa makubwa yameshindana juu ya jambo hili. B-29 iliyopewa jina Enola Gay ndiyo iliyoangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Inakadiriwa kuwa hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilipokusudia kuonyesha sehemu ya ndege hiyo mwaka 1995 pamoja na habari na vitu vya wahanga wa Hiroshima na Nagasaki, wapiganaji wa zamani na wabunge walipinga vikali. Walidai kwamba maonyesho hayo yangesahau mashambulizi yaliyofanywa na Japani yenyewe. Mpango ule ulifutwa, mkurugenzi wa makumbusho, Martin Harwit, alijiuzulu, na maonyesho madogo zaidi yakafunguliwa. Tangu Desemba 2003 ndege nzima imewekwa katika jumba la makumbusho huko Chantilly, Virginia, ikiwa imesafishwa na kung'aa. Ilipofunguliwa, wapo waliolalamika kwamba maelezo yake yalitaja vipimo na ufundi, lakini hayakutaja waliokufa. Mwalimu anayetundika mfano wake darini yuko mbele ya swali hilo hilo, ingawa ndege yake ni ya sentimita 43.

Jibu langu ni kusimulia yote, kwa kiasi cha umri wa watoto. Wanafunzi waambiwe kwamba Japani iliivamia China mwaka 1937 na kuishambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941. Waambiwe pia kwamba usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za B-29 ziliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo kwa mabomu ya moto, na watu wanaokadiriwa kufikia 100,000 wakafa. Waelezwe habari ya Sadako Sasaki, aliyekuwa na umri wa miaka miwili Hiroshima ilipopigwa, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12, huku akikunja ndege wa karatasi kitandani mwake. Hakuna haja ya picha za kutisha. Umri wa mtoto huyo watoto wataulinganisha na wao wenyewe.

Kisha wafungue ramani ya Afrika. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo. Katika migodi ya Katanga Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Kwa hiyo, mawe yale yalichimbwa na kubebwa na watu waliosema lugha tunayofundishia, bila ya kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Baada ya hapo mwanafunzi hatasema kuwa habari ya ndege ile ni ya Wazungu na Wajapani peke yao.

Kutokana na hayo, nina pendekezo juu ya utoaji wa alama katika kazi za vielelezo. Nusu ya alama itolewe kwa daftari la vipimo: skeli, maeneo, uzito, makosa yaliyogunduliwa na jinsi yalivyorekebishwa. Robo itolewe kwa maelezo ambayo mwanachuo atawapa wanafunzi juu ya kitu alichokiunda, kilifanya nini na kwa nani. Robo inayobaki ndiyo iwe ya sura. Kwa mgao huo, mwanachuo aliyepima vizuri na kusema ukweli, ingawa karatasi yake imekunjamana puani, atamshinda aliyeleta kitu king'aacho asichoweza kukieleza. Ni haki iwe hivyo, kwa sababu huyo wa kwanza amekwisha kuwa mwalimu, na huyo wa pili bado ni muuza mapambo.