Mtumbwi wa Mjomba Wangu Si Umaskini

Jumamosi jioni, soko la Jericho. Tumezunguka karai la mama samaki, kila mtu na mgongo wazi wake, ugali na kachumbari pembeni. Kama hujui mgongo wazi, basi hukukulia Eastlands. Ni mbuta aliyekwisha kutolewa minofu. Minofu imepanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tumebaki na mifupa na kichwa, na tunafurahia kwa sababu mama anajua kukaanga.

Msee mmoja akatoa simu. Kwenye video kuna mzungu peke yake ndani ya kayaki, pwani ya British Columbia kule Kanada. Maji ya kijivu, ukungu, milima nyuma yake. Anapiga kafi polepole huku ndoano ikimfuata. Ghafla fimbo inapinda, kayaki inaanza kuzungushwa na samaki. Jamaa anahangaika weee, mwishowe anaingiza samoni mnene kama paja. Sote tukapiga kelele utadhani Gor wamefunga bao dakika ya tisini. Mmoja akasema, "Hayo ndiyo maisha, manze. Huyo jamaa ana roho!"

Mimi nikanyamaza. Kitu hicho nimekiona mara nyingi, Gazi, kusini mwa Mombasa, na sijawahi kusikia mtu akisema mjomba wangu ana roho. Husema ni maskini.

Mama yangu ni wa Gazi, baba ni wa Siaya, mimi ni wa Jericho. Likizo zangu nyingi za shule ya msingi nilizimalizia kwenye mtumbwi wa mjomba, uliochongwa kutoka gogo moja la mwembe. Mjomba hana fimbo. Mshipi anauzungusha kidoleni, na kwa kidole hicho anajua kama anayedonoa ni changu au takataka ya samaki tu. Anajua siku za bamvua maji yatajaa hadi wapi, na siku za maji mafu aende mwamba upi. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, hatoki nje ya mwamba hata umwahidi nini. Hayo yote yamo kichwani, hakuna programu ya simu.

Sasa niungame. Nilipoingia kidato cha kwanza wenzangu waliniuliza mjomba wangu wa pwani anafanya kazi gani. Nikasema, "Yuko bandarini." Waelewe kreni, meli, mshahara. Nilimkana mtu aliyenifundisha kuogelea.

Kwa hiyo nikisema sisi vijana wa Nairobi tuna ugonjwa, najua ninachosema, nimeugua. Ugonjwa wenyewe ni huu: tunamheshimu mtu aliye kwenye chombo kidogo pale tu ambapo hamhitaji yule samaki. Akivua kujifurahisha, ni shujaa. Akivua apeleke mtoto shule, tunamhurumia. Bahari ni ileile, hatari ni ileile.

Na hiyo kayaki tunayoishangilia haikuanza kuwa mchezo. Wainuit wa nchi za barafu ndio walioibuni, mifupa ya mbao na ngozi ya sili juu yake, wapate kuwinda na kula. Ilikuwa chombo cha kazi, kama mtumbwi. Ilipofika mikononi mwa watu wasio na njaa ndipo ikaitwa burudani na kupakwa rangi ya machungwa.

Hata huyo samoni ana historia isiyoonyeshwa kwenye video. Shuka kusini kidogo kutoka British Columbia, uingie jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1854 wenyeji wa huko, wakiwemo Wanisqually, walitia saini mkataba wa Medicine Creek. Walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao lakini wakaachiwa haki ya kuvua mahali walipozoea. Miaka ikapita, serikali ya jimbo ikaanza kuwakamata kwa uvuvi uleule. Billy Frank Jr., Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14. Baadaye alikamatwa zaidi ya mara 50. Nyavu zikachukuliwa, mitumbwi ikachukuliwa. Wakati huohuo waliotoka mjini na fimbo zao Jumapili walikuwa wanamichezo. Ni mwaka 1974 ndipo jaji George Boldt alipoamua kwamba mkataba ni mkataba, na makabila yale yana haki ya hadi nusu ya samoni wanaoweza kuvuliwa. Kumbe hata nyumbani kwa samoni, aliyemhitaji ndiye aliyeitwa mwizi.

Usiseme hayo ni ya Marekani. Njoo Gazi.

Diko ambalo mjomba alitumia tangu ujana wake lilikuwa na njia ya miguu kutoka barabarani. Kisha kiwanja cha mbele kikapata mwenyewe. Jina silitaji. Ukuta ukajengwa, na lango likapata bawabu. Mjomba sasa anazunguka mbali na kapu begani, samaki hawana barafu, jua limeshawaka, na akifika kwa mnunuzi bei imeshaanguka. Mwaka juzi nilienda kumsalimu, nikapita ufukweni maji yakiwa yametoka. Pale mtumbwi wake ulipokuwa ukilala, chini ya mvinje, zimepangwa kayaki za plastiki, za njano na nyekundu. Zinakodishwa kwa saa.

Niliziangalia sana. Ni vyombo vizuri, nami ningependa kupanda kimoja. Sina ugomvi na kayaki. Nina ugomvi na ukuta unaosema chombo hiki kidogo kinapendezesha ufuo na kile kinauchafua.

Kuna mtu atanijibu: lakini hao wavuvi wako ndio wanaomaliza samaki. Sawa, tuongee ukweli. Wapo wanaokokota juya, wapo wa nyavu za matundu madogo zinazozoa hadi watoto wa samaki, na mjomba anawachukia kuliko wewe unavyowachukia. Waadhibiwe. Lakini mtu mmoja, mshipi mmoja, mtumbwi mmoja? Angalia tena yule wa Kanada. Ana leseni, analipia stempu ya samoni kabla ya kuchukua hata mmoja, na kuna idadi asiyoruhusiwa kuivuka kwa siku. Sheria inambana, ndiyo, lakini sheria hiyohiyo inamtambua kuwa yupo. Sisi tulipata kanuni za mwaka 2007 zilizowapa wavuvi vikundi vyao vya kusimamia ufuo, kisha Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kwenye karatasi mjomba ni mdau. Mbele ya bawabu ni mtu wa kufukuzwa.

Ninachotaka si kikubwa. Njia za kwenda kwenye madiko zifunguliwe, zipimwe na ziandikwe kuwa za umma. Barafu ipatikane karibu na maji. Na sisi wa mtaani tuache kusema "ni mvuvi tu". Hiyo "tu" ndiyo inayojenga ukuta, kwa sababu hakuna anayeona haya kumfungia njia mtu ambaye sote tumekubali si kitu.

Ile video niliomba nitumiwe. Nilipoenda tena Gazi nikamwonyesha mjomba. Aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali kidogo na macho. Nilidhani atacheka.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, yeye na mimi, "kafi yake ya vichwa viwili ni nzuri. Na umeona alivyomwachia samaki mshipi, hakumvuta kwa pupa? Huyu ni mvuvi."

Alimtazama mtu asiyemjua, wa bahari asiyoijua, akampa heshima yake yote kwa dakika tatu. Mimi ilinichukua miaka kumi na mitano kumpa yeye.