Mama Akiacha Ulevi, Atalala Wapi na Wanawe?

Leo nina jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu, na kabla sijamlaumu mtu yeyote, nitaanza kwa kujilaumu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, binti wa shangazi yangu alimaliza miezi mitatu katika kituo cha kurekebishia walevi. Alikuwa mtumwa wa chang'aa tangu mumewe alipomtoroka. Alitoka akiwa amenawiri, macho meupe, mikono imeacha kutetemeka. Siku hiyo hiyo akanipigia simu. "Dada, naweza kukaa kwako na watoto kidogo? Hata wiki mbili tu." Nikamjibu kwamba nyumba yangu ni ndogo na wanangu wanakaribia mtihani. Yote mawili yalikuwa kweli. Kweli nyingine sikumwambia: niliogopa maneno ya majirani, tena niliogopa angeniibia.

Basi akarudi alikotoka, chumba cha mabati katika ploti ambapo muuzaji wa chang'aa alikuwa mlango wa tatu kutoka kwake. Wateja walipita dirishani pake asubuhi na jioni wakimsalimu kwa jina. Mama aliyekuwa akimkopesha zamani alimletea kikombe cha kumkaribisha nyumbani, bila malipo. Wiki ya tano alikuwa amelala mtaroni. Watoto wake wawili, waliokuwa wameanza kumzoea tena, wakarudishwa kijijini kwa nyanya yao.

Jamaa zetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Nami niliitikia. Siku hizi naona haya kukumbuka, kwa maana dawa aliisikia vizuri sana. Alichokosa ni mahali pa kulala mbali na kikombe.

Wasomaji, wataalamu wa afya huhesabu uraibu kuwa ugonjwa wenye tabia ya kurudi, kama vile pumu au shinikizo la damu. Majuma ya kwanza baada ya kutoka kituoni ndiyo yenye hatari kubwa. Kwa anayetumia heroini hatari hiyo ni ya kifo, kwani mwili uliopumzika miezi mitatu hauwezi tena kustahimili kiasi alichozoea zamani. Akirudia kipimo kile kile, huenda asiamke.

Ndiyo sababu penye busara huwekwa nyumba ya mpito kati ya kituo cha matibabu na maisha ya kawaida. Si hospitali wala si jela. Ni nyumba ya watu wachache wanaoishi pamoja bila kileo, kwa saa za kulala na kuamka, zamu za jikoni, mikutano ya kusemezana ukweli, na polepole kazi na akiba. Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kuutafuta mfano. Zanzibar wameanzisha nyumba za namna hii tangu mwaka 2009, nao huziita soba hausi. Nyingi zimeendeshwa na watu ambao wenyewe waliwahi kuwa mateka wa heroini, na mgeni anapoingia hukuta mlangoni mtu anayejua arosto ni nini.

Lakini nyumba nyingi za aina hiyo, huko na hapa kwetu, zimekuwa za wanaume. Mwanamume akienda kutibiwa, watoto hubaki na mama yao. Je, mama akienda, watoto hubaki na nani? Mara nyingi ni nyanya mwenye magoti mabovu, au jirani, au kifungua mimba wa miaka kumi anayegeuka mama wa wenzake. Akina mama wengi hawaendi kutibiwa kabisa kwa kuchelea kwamba wakikiri ugonjwa wao, watapokonywa watoto. Wengine hutoka kabla ya wakati, baada ya kusikia kwamba mtoto ni mgonjwa.

Hebu tulipime jambo hili. Sheria zetu zinamruhusu mtoto mchanga kukaa na mamaye gerezani hadi atimize miaka minne. Mama aliyehukumiwa kwa wizi anaweza kuwa na mwanawe. Mama anayejaribu kuacha ulevi kwa hiari yake, mara nyingi huambiwa amwache mwanawe langoni. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba maslahi yake ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Sisemi kila mtoto arudishwe kwa mamaye leo leo. La hasha! Mtoto aliyelala njaa huku mama amelewa ana kidonda chake, nacho hakiponi kwa sababu mama ameomba msamaha. Hapo ndipo nyumba ya mpito ya mama na watoto inapofaa. Mama hana upweke na mtoto hayuko peke yake na mama. Yupo mtu mzima wa tatu anayeangalia, anayejua dalili za mtu anayeteleza, na anayeweza kumshika mtoto mkono usiku ule mambo yakiharibika. Mama hujifunza upya kazi ndogo ndogo: kupika uji kwa wakati, kukagua daftari, kukubali kulia kwa mtoto bila kukimbilia kitu cha kumtuliza yeye mwenyewe.

Na aliye mjamzito, neno moja. Anayetumia heroini asiache ghafla peke yake nyumbani, kwani anaweza kukihatarisha kilichomo tumboni. Aende kwa daktari, aeleze bila kuficha. Dawa ya methadoni, ambayo ilianza kutolewa nchini katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa mwaka 2014, hutumiwa pia na wajawazito chini ya uangalizi. Mlevi wa pombe wa muda mrefu vile vile asikate ghafla bila mganga, kwa maana anaweza kupatwa na kifafa. Asiyejua pa kuanzia, simu ya bure ya NACADA ni 1192.

Sasa mtauliza, binti wa shangazi yangu aliishia wapi? Alirudi kutibiwa mara ya pili. Safari hii tulikaa kikao cha jamaa kabla hajatoka. Hatukuwa na nyumba ya mpito ya kumpeleka, basi tukajaribu kuitengeneza. Watatu kati yetu tulichanga kodi ya chumba katika mtaa ambao hakuna aliyemjua. Shangazi mwingine, mjane asiyeonja kileo, alikubali kuishi naye miezi sita. Tuliandika masharti kwenye karatasi naye akatia sahihi: hakuna wageni wa zamani, mkutano wa wanaoacha pombe mara mbili kwa wiki, pesa za kibarua cha kufua nguo ziwekwe na shangazi. Tukaandika pia letu sisi, kwamba akiteleza atatuambia siku hiyo hiyo, nasi hatutampigia kelele.

Watoto hawakuja mara moja. Walianza kwa Jumamosi, kisha usiku wa Jumamosi, kisha likizo nzima, na muhula uliofuata wakahamia. Aliteleza mara moja, mwezi wa nne. Alimwamsha shangazi usiku akamwambia. Asubuhi walikwenda pamoja kwa mshauri, na watoto wakaenda shuleni kama kawaida.

Binti yake mkubwa alikuwa na mazoea yaliyonichoma. Kila usiku alilala na viatu vyake vya shule chini ya mto. Zamani mama aliuza jozi moja ili anywe. Hakuna aliyemkemea mtoto, na mama yake hakumwambia aache. Alikuwa akivipiga rangi tu kila Jumapili jioni na kumkabidhi. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya shangazi kuniambia kwamba viatu siku hizi hulala mlangoni na vya wengine.

Haya tuliyafanya kwa kubahatisha, na si kila ukoo una shangazi mjane na watu watatu wa kuchanga. Kwa hivyo naomba makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na serikali za kaunti wanaoandaa harambee na bajeti, wafikirie nyumba moja tu yenye vyumba vitano, mlezi wa watoto mchana, na shule iliyo karibu. Na wewe msomaji, ukipigiwa simu ile niliyopigiwa mimi, labda nyumba yako kweli ni ndogo. Basi usiishie kusema hivyo. Sema, "Nipe hadi kesho nitafute pa kukuweka," kisha utafute.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.