MAONI: INJINI KUNYAMAZA SI KUPONA

Ndugu wanachama,

Hapa kwetu pikipiki si anasa. Ndiyo inayoteremsha gunia la kahawa kutoka mlimani hadi ghalani, ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito usiku kwenda Tarime au Mugumu. Na vijana wetu wengi wanaoziendesha wanadaiwa hesabu na mwenye chombo. Injini ikifa, nyumba nzima inakaa chini. Kwa hiyo kelele za injini si shauri la fundi peke yake.

Uko mtindo mmoja mbaya. Pikipiki kuukuu ikianza kulia "tik tik tik" juu ya injini, mwenyewe anamwambia fundi: "Niondolee hiyo kelele." Fundi anakaza tapeti mpaka kimya, analipwa, wote wanafurahi. Mimi nasema huko ni kununua maradhi.

Sababu ni hii. Chuma kikipata moto hurefuka, ndiyo maana kati ya valvu na kile kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo. Tuchukue Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini yake. Nafasi hiyo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. Ni karibu na unene wa karatasi moja tu! Ukiimaliza nafasi hiyo, injini ikichemka valvu haifungi sawasawa, moto unapenya, na valvu ya ekzosi inaungua. Hapo kiki inakuwa nyepesi, mlima haupandiki, na ukizima njiani haiwaki tena mpaka ipoe. Tik tik ndogo ni salama kuliko kimya cha namna hiyo. Lakini tusidanganyane: kelele ikizidi siku hadi siku, nafasi imekuwa kubwa mno, ipimwe.

Jambo la pili ni cheni ya taiming. Hii inakwaruza, "kra kra kra", ubavuni mwa silinda, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, na pale unapoachia resi. Boxer na TVS HLX zina cheni hiyo. Ikilegea, au kikaza chake kikichoka, isipuuzwe, maana ikiruka meno valvu yaweza kugongana na pistoni. Ila injini za aina ya CG hazina cheni hiyo kabisa. Kamshafti yake iko chini, inazungushwa kwa gia, na valvu zinasukumwa kwa vijiti. Ukidaiwa pesa ya cheni ya taiming kwa injini kama hiyo, omba kwa upole uonyeshwe hiyo cheni iliyochakaa.

Basi kabla ya kufungua injini, tufuate utaratibu:

1. Angalia oili. Injini hizi hubeba kama lita moja tu; ikipungua, kila kitu kinapiga kelele.

2. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uweke sikioni. Sogeza juu, ubavuni, chini. Utajua kelele inatoka wapi.

3. Angalia shingo ya ekzosi. Gasketi ikivuja inalia kama valvu, na wengi wamefunguliwa injini bure kwa ajili hiyo.

4. Ukisikia "ngo, ngo" nzito kutoka chini wakati wa kupanda mlima na mzigo, hiyo yaweza kuwa konrodi. Zima. Isukume mpaka kwa fundi.

Mafundi siwalaumu sana. Sisi wateja ndio tunaolipia kimya, halafu tunakataa kulipia kupima. Fundi akitumia nusu saa kusikiliza na kupima, tunasema hajafanya kazi kwa sababu hajabadili spea! Nani basi atapima?

Napendekeza mkutano ujao uamue mambo mawili. Kwanza, chama kinunue filagezi moja, itunzwe na mtunza ghala pamoja na mizani, fundi yeyote aiazime kwa kusaini. Pili, kila pikipiki inayobeba mazao ya chama iwe na daftari lake: oili ilibadilishwa lini, tapeti zilipimwa lini, na nani. Mizani tumeikubali kwa kahawa kwa sababu hatuamini macho. Kwa nini kwenye injini tuamini sikio peke yake?

Anayepinga naye aandike, ubao huu ni wetu sote.

Mwanachama mwenzenu.